Uzi: Chaki ya drili presi inachomoka kila mara? Usiichomelee. Namna ya kuitoa, kuisafisha na kuirudisha

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita katika karakana yetu ndogo ya Vingunguti, kijana anayenisaidia alikuwa akitoboa bamba la milimita 10 kwa biti ya milimita 12, na biti ilipokuwa inatokeza upande wa chini chaki nzima ilichomoka kwenye mashine, ikaangukia meza huku bado inazunguka, kisha ikaruka hadi sakafuni karibu na mguu wake. Namshukuru Mungu hakuumia. Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara mbili za mwanzo tuliirudisha kwa kuigonga nyundo kutoka chini na kuendelea na kazi, jambo ambalo sasa najua lilikuwa kosa. Jirani yangu wa karakana, mtu mwema kabisa, alinishauri niitie nukta tatu za kuchomelea ili isitoke tena. Nilikataa, nikasimamisha kazi mchana kutwa, nikaifungua. Naandika nilichokiona kwa sababu naamini tatizo hili liko kwenye karakana nyingi za hapa Dar es Salaam, na dawa yake ni nafuu kuliko tunavyodhani.

Kwa wasio mafundi wa chuma, chaki ninayoizungumzia ni kile kichwa chenye meno matatu kinachobana biti kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama. Katika mashine nyingi chaki hiyo haishikwi na bolti wala uzi wa parafujo. Imekaa kwenye shina la chuma lenye ncha mbili zilizochongoka taratibu: ncha fupi inaingia kwenye mgongo wa chaki, na ncha ndefu inaingia ndani ya spindeli, yaani mhimili unaozunguka wa mashine. Mchongo wa ile ncha ndefu ndio unaoitwa tepa ya Morse, kwa jina la Stephen A. Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya kujipinda mwaka 1863. Drili presi nyingi za ukubwa wa kati tunazozitumia zina tepa ya Morse namba 2, ambayo upande wake mnene una kipenyo cha milimita 17.78, na kila urefu wa milimita 20 kipenyo kinapungua takriban milimita 1. Maana yake ni kwamba pembe nzima ya mchongo haifiki hata nyuzi 3. Chuma kikavu na kisafi kikiingia kwenye chuma kikavu na kisafi kwa pembe nyembamba namna hiyo, vinashikana vyenyewe, na kadiri unavyokandamiza biti kwenye kazi ndivyo vinavyozidi kushikana. Juu kabisa ya shina kuna ulimi bapa, na wengi tunadhani ulimi huo ndio unaoizungusha chaki. Kinachoizungusha ni mshiko wa tepa. Ulimi kazi yake kubwa ni kutolea shina. Ukiukuta umepinda au umesokoteka, basi tepa yako imekuwa ikiteleza kwa muda mrefu bila wewe kujua.

Kutoa kulikuwa hivi. Kwanza nilichomoa plagi kwenye soketi, wala sikutegemea swichi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, mashine iliyosahauliwa ikiwa imewashwa huanza kuzunguka yenyewe huku mkono wako uko kwenye chaki. Nikaondoa biti, nikayarudisha meno matatu ndani kabisa, nikapandisha meza hadi ikabaki nafasi ya kama viganja viwili, na juu yake nikaweka ubao na gunia lililokunjwa, kwani chaki pamoja na shina lake inakaribia kilo moja na ikianguka juu ya chuma tupu inaharibika. Kisha kijana akashusha mkono wa mashine na kuushikilia chini. Bomba linaloibeba spindeli likishuka, ubavuni mwake huonekana dirisha refu. Unaizungusha spindeli kwa mkono mpaka dirisha la spindeli likutane na dirisha la bomba na uone mwanga upande wa pili. Hapo ndipo inapoingia kabari ya kutolea, ile bapa inayopungua upana. Ubavu wake wa mviringo unakaa juu, ubavu wake ulionyooka unakaa chini kuulalia ulimi. Pigo moja kavu la nyundo kwenye kitako cha kabari lilitosha.

Nawasihi msitumie bisibisi wala patasi mahali pa kabari, kwa kuwa zinaukwaruza ulimi na kuumiza kingo za dirisha. Asiyekuwa na kabari anaweza kuichonga kutoka kwenye flatibari (kipande bapa) ya chuma laini kwa tupa katika muda wa saa moja. Asichukue kipande cha springi ya gari, maana chuma kigumu kikigongana na chuma kigumu huruka vipande, na vipande hivyo huenda machoni.

Nilichokikuta ndani ndicho kilichonifanya niandike. Kuta za tepa zilikuwa na utando mweusi wa oili iliyochanganyika na vumbi la chuma, kuna sehemu mbili za kutu nyekundu, na karibu na mdomo wa spindeli kulikuwa na kidonda kidogo kilichoinua chuma, bila shaka kutokana na zile nyundo zetu. Tulikuwa tunagonga chuma kikae juu ya uchafu. Niliifuta tepa ya ndani kwa kitambaa safi kilichozungushwa kwenye kijiti na kulowekwa spiriti, nikarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kisha nikapitisha kidole polepole kwa sababu kidole kinahisi kile ambacho jicho halioni. Kile kidonda nilikishusha kwa jiwe laini la kunolea, nikigusa uvimbe peke yake. Msasa sikuutumia kabisa. Msasa hauchagui, unakula palipo pazima pamoja na palipo pabovu, na tepa iliyobadilika umbo haiponi.

Kurudisha hakuhitaji nguvu. Vyuma vyote viwe vikavu, bila tone la oili wala grisi. Unauelekeza ulimi uendane na nafasi yake ndani ya spindeli, unasukuma chaki juu kwa mkono mmoja kwa kishindo kimoja, na kama kila kitu ni kisafi utaisikia ikishika. Baada ya hapo, meno yakiwa bado ndani kabisa, weka ubao mezani na uikandamize chaki juu yake kwa mkono wa mashine. Anayetaka kugonga atumie nyundo ya mbao au ya mpira, na asigonge meno yakiwa nje, kwa kuwa kila pigo litapita kwenye meno na nyuzi zake za ndani na kuvipotosha.

Tangu siku hiyo chaki haijatoka. Karibuni tuelimishane.

Fundi wa Keko

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye manufaa. Mimi ni seremala, drili presi yangu ni ndogo ya kuweka mezani na nimeizungusha spindeli yote bila kuona dirisha lolote. Chaki ninayo imechakaa, meno hayakutani katikati. Nitaitoaje?

Mwalimu wa karakana

Fundi wa Keko, mashine yako huenda ni ya aina ambayo spindeli yenyewe imemalizikia kwa tepa fupi, na chaki imevikwa juu yake moja kwa moja bila shina. Shusha spindeli, angalia kati ya mgongo wa chaki na bega la spindeli. Ukiona kuna mwanya mdogo, dawa yake ni kabari mbili zenye umbo la uma, zinazoingizwa kutoka pande mbili zinazotazamana na kubanwa polepole kwa jiliwa au kwa klampu mpaka chaki iachie. Hakikisha kabari zinaegemea bega la spindeli, zisiegemee bomba la nje linaloibeba. Ukizitegemeza kwenye bomba utakuwa unaivuta spindeli kutoka kwenye beringi zake, na utaitoa chaki lakini utabaki na mashine inayolia.

Kabla ya kabari, angalia pia kama pana kola yenye uzi juu ya chaki. Baadhi ya mashine, hasa za zamani, zina kola hiyo, na ukiizungusha kwa spana inaisukuma chaki chini yenyewe. Vilevile zipo mashine ndogo ambazo chaki yake imefungwa kwa uzi kama ile ya drili ya mkono. Hiyo ifungue meno yote na umulike ndani: ukiona kichwa cha skrubu, fahamu kwamba skrubu hiyo kwa kawaida ina uzi wa kushoto, kwa hiyo inafunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, na ndipo chaki yenyewe ifunguliwe kuelekea kushoto. Nimeona vijana wakiivunja kwa kuilazimisha.

Fundi wa Keko

Mwalimu, shikamoo. Nimeona mwanya, na bega la spindeli liko wazi. Nitachonga hizo kabari.

Mchangiaji wa Mbagala

Wakuu, mimi nitatofautiana kidogo. Karakana yangu ni ya mageti na madirisha, kazi ni za haraka, na drili presi yangu niliitia nukta mbili za kuchomelea miaka kadhaa iliyopita na inafanya kazi mpaka leo. Wengine wanatumia gundi ya chuma. Si kila fundi ana muda wa kusafisha tepa kwa kijiti.

Mleta uzi

Nakuheshimu mkuu, na sina shaka kwamba mashine yako inatoboa. Lakini tufikirie ulichokipoteza. Spindeli yenye tepa ya Morse inapokea pia biti kubwa zenye shina la tepa, kwa maana kwamba ukitaka tundu la milimita 20 unaitoa chaki na kuipachika biti yenyewe moja kwa moja ndani ya spindeli. Wewe uliyechomelea, mlango huo umeufunga. Chaki ikichakaa, na zote huchakaa, utalazimika kukata, na kukata karibu na mdomo wa spindeli ni kuicheza spindeli yenyewe. La tatu, umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi kutafuta njia ya kurudi, unaziachia vidonda vidogo kwenye njia ya gololi. Ule mlio unaouzoea pengine ulianzia hapo. Kuhusu gundi, inakaa kati ya vyuma viwili vilivyoundwa vigusane, kwa hiyo inaondoa kile kile kinachovishikanisha.

Mchangiaji wa Mbagala

Hoja ya beringi sikuwahi kuifikiria, na ni kweli mashine inalia. Nimekuelewa.

Mama wa mageti, Tabata

Nami naomba msaada. Chaki yangu ya zamani ilikwisha meno, nikaenda maduka ya mtaa wa Gerezani nikanunua mpya ya milimita 13, mgongoni imeandikwa B16. Niliiingiza kwenye shina la zamani, ikaingia vizuri tu, lakini nikiwasha biti inayumba hadi tundu la milimita 8 linatoka kama la 9. Nilipoishika chaki kwa mkono na kuitikisa, nahisi inacheza kidogo sana. Je, chaki ni mbovu niirudishe?

Mwalimu wa karakana

Mama, huenda chaki ni nzima na kosa liko kwenye ndoa yake na shina. Ncha fupi ya shina ina familia zaidi ya moja. Ipo familia ya B, ambayo kwa asili yake ni vipande vifupi vya tepa ya Morse: B16 ina kipenyo cha milimita 15.733 upande mnene, na B18 ina 17.780. Ipo pia familia ya Jacobs, yenye jina la Arthur Irving Jacobs, Mmarekani aliyepata hataza ya chaki yake mwaka 1902 baada ya kujiumiza vifundo vya vidole kwenye chaki za zamani zilizofungwa kwa spana. Katika familia hiyo, ile inayoitwa Jacobs namba 33 ina kipenyo cha milimita 15.850 upande mnene. Tazama jinsi inavyokaribiana na B16: tofauti haizidi sana unene wa karatasi ya ofisi, na ndiyo maana moja inaingia kwenye nyingine na fundi akadhani zimekubaliana. Lakini michongo haifanani. B16 inapungua milimita 1 kwa kila 20, na Jacobs namba 33 inapungua takriban 1.27 kwa urefu huo huo. Ukizioanisha, zinagusana kwenye mdomo tu na huku ndani pana uwazi, basi chaki inabaki ikining'inia kwenye duara moja jembamba.

Ili ujue shina lako ni la familia gani, lipime kipenyo kwa venia (kipimio cha kubana) mahali pawili palipoachana milimita 20 kamili, kisha utoe kipimo kidogo kwenye kikubwa. Ukipata 1.0 au karibu yake, ni B16. Ukipata karibu 1.3, ni Jacobs namba 33. Halafu thibitisha kwa kalamu ya rangi: chora mistari mitatu ya urefu kwenye ncha ya shina, ingiza chaki kavu, izungushe robo ya mzunguko kwa mkono huku unakandamiza, kisha itoe uangalie. Ndoa njema huifuta mistari kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa imefutika karibu na upande mnene tu, jibu umelipata.

Mama wa mageti, Tabata

Nimepima mara tatu mwalimu. Nimepata 1.26, 1.28 na 1.26. Na mistari imefutika juu tu.

Mwalimu wa karakana

Basi shina lako ni la Jacobs. Usiirudishe chaki, tafuta shina jipya lenye Morse namba 2 upande mmoja na B16 upande wa pili, kwa kuwa kwa kawaida shina ni rahisi kwa bei kuliko chaki nzuri. Nenda na chaki yako mkononi, na ufanye lile jaribio la kalamu palepale dukani kabla hujalipa.

Kijana wa Gongo la Mboto

Shikamooni wakubwa. Nimesikia kwamba ukiliweka shina kwenye friza na chaki kwenye maji ya moto, vikikutana vinashikana zaidi. Je, ni kweli?

Mwalimu wa karakana

Marahaba kijana. Kanuni yake ni ya kweli, chuma baridi husinyaa na cha moto hutanuka. Lakini hapa kwetu, kwenye unyevu huu wa pwani, shina linalotoka kwenye friza linavaa umande kabla hujafika nalo mezani, na umande huo unaufungia ndani ya tepa. Baada ya masika moja utakuwa na kutu pale pale ulipotaka mshiko. Safisha, kausha, sukuma.

Mleta uzi

Niongeze jambo ambalo limenigusa nilipokuwa nahesabu. Tuseme punje ya uchafu yenye unene wa milimita 0.05 imekaa upande mmoja, juu kabisa ndani ya tepa, kama milimita 60 kutoka mdomoni. Shina linainama kwa kiasi hicho. Ncha ya biti iko mbali, labda milimita 150 chini ya mdomo, kwa hiyo pale mwinamo umekuwa mara mbili na nusu, yaani milimita 0.125 kutoka katikati, na geji ya saa, yaani kipimo chenye mshale kinachoonyesha kuyumba, ikiwekwa hapo itasoma milimita 0.25 katika mzunguko mmoja. Punje moja isiyoonekana kwa macho! Ndiyo maana nashauri anayepima kuyumba aanzie ndani: geji iguse kwanza ukuta wa ndani wa spindeli ikiwa tupu, kisha shina, kisha ndipo abane kipande cha chuma kilichonyooka ndani ya chaki na kupima tena. Kila hatua inakuonyesha mwenye kosa ni nani. Kwa kazi zetu za mageti na fanicha, milimita 0.1 kwenye chaki inavumilika.

Fundi wa Buguruni

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilifunga biti ya kufraizi, ile inayokata kwa ubavu, kwenye chaki ya drili presi ili nichimbe mfereji wa kabari kwenye shafti. Chaki ilitoka baada ya dakika chache. Tepa inashika vizuri ukiikandamiza kwenda juu, ila mtikisiko wa kusukuma kwa ubavu unailegeza. Kazi hiyo nimeipeleka kwenye mashine yake.

Fundi wa Keko

Narudi na majibu. Kabari mbili nimezichonga kwa flatibari ya milimita 5, nikazibana kwa klampu, chaki ikatoka kwa mlio mmoja ulionishtua. Naomba mleta uzi uongeze kwenye andiko lako la kwanza kwamba ufunguo wa chaki, ule wa kukazia meno, usiachwe umechomekwa hata kwa sekunde moja, maana mwanangu alikuwa amesimama jirani nilipokuwa najaribu.

Mleta uzi

Umesema kweli na nakushukuru. Ufunguo utolewe na mkono ule ule uliokaza, na glovu zivuliwe, kwa sababu biti ikiukamata uzi wa glovu inakuja na kidole.

Mama wa mageti, Tabata

Nimerudi kuwajulisha. Shina jipya nimelipata Gerezani kwenye duka la tatu. Kwenye duka la kwanza mistari ilifutika juu tu kama mwanzo, nikaondoka. Nimesafisha spindeli kwa spiriti kama mlivyoeleza, na kijana wa jirani mwenye geji ya saa amenipimia: mwanzo, na shina la zamani, ilisoma milimita 0.62, na sasa inasoma 0.08. Nimechora mstari mmoja wa kalamu kutoka kwenye mdomo wa spindeli, ukapita juu ya shina na kushuka hadi kwenye mgongo wa chaki, ili tepa yoyote ikiteleza niione. Jana na leo nimetoboa matundu 48 ya bawaba, na mstari bado umenyooka.